Milango ya Saa Tisa

Saa moja ya asubuhi, na asubuhi haipo.
Tromsø imejifunika Desemba gubigubi,
theluji inang'aa kwa mwanga wa kuazima,
nami nafungua maabara
na kuwakuta panya ndio kwanza wanajikunja kulala:
kwao ndani kumekucha.
Swichi ya ukutani imewapa mchana
ambao mbingu imeninyima mimi.

Kazi yangu ni ndogo, nayo ni ya kisu.
Kila baada ya saa nne nachukua ubongo mmoja,
naugandisha, naukata vipande
vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
kisha nahesabu vipokezi
katika kitongoji kile cha chini
ambako njaa na shibe hugombea kiti kimoja.
Msitishwe na jina. Vipokezi ni milango.
Homoni hupiga hodi,
na mlango ukiwapo, habari huingia.

Nilichokiona nilikirudia mara tisa,
maana Profesa Eilertsen haamini jicho lililokesha:
milango haikai idadi moja.
Taa zikizimwa huongezeka,
hujipanga kama meza za siku ya mnada;
taa zikiwaka, mmoja mmoja hufungwa,
na hodi ile ile, kwa kidole kile kile,
hugonga ukuta.
Panya huiacha punje mbele ya pua yake.
Si kwamba ameshiba.
Hakuna wa kumwambia ana njaa.

*

Mama yangu, Borghild, yuko ghorofa ya pili
ya nyumba ya wazee, ng'ambo ya daraja.
Kwenye daftari lao wameandika
siku kumi na moja mfululizo:
Amekataa chakula cha jioni.
Amekataa. Amekataa.
Neno hilo lina mabega, utadhani aliinuka akasusa.
Wamemletea chewa, viazi, supu ya karoti,
muuguzi Synnøve hata akamwimbia,
mama akageuza uso kwenye dirisha
lisilo na cha kuonyesha.
Kilo nne zimeondoka. Pete imehamia dole gumba.

Usiku wa Alhamisi nilikuwa nahesabu
kipande cha saa tisa,
kimejaa nukta kama shavu lenye madoadoa,
nikaweka kalamu chini.
Saa tisa ya usiku.
Kengele ya kiwanda cha uduvi!
Miaka thelathini na mmoja mama alimenya uduvi
zamu ya usiku, vidole vimekufa ganzi,
na saa tisa kengele ilipolia
wanawake wote walivua glavu
wakala wamesimama, mkate bapa na jibini la kahawia,
dakika ishirini, wakicheka vinywa vimejaa.
Kiwanda kilifungwa. Mashine ziliuzwa kwa kilo.
Kengele, nadhani, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Nilivuka daraja kwa miguu, upepo ukinitukana.
Sikuwasha taa kubwa.
Nilipaka siagi, nikakata jibini, sikusema karibu.
Mama alinusa.
Akavua glavu ambazo hakuzivaa,
kidole baada ya kidole,
akala ameketi wima kitandani,
vipande viwili, na nusu ya changu.
"Umechelewa," akaniambia. "Kengele imeshalia."

Sitaliandika hili kwenye ripoti.
Mwanamke mmoja si jedwali,
na katika panya wote wale sikumuuliza hata mmoja
alikuwa akingoja nini gizani.
Synnøve ameahidi sahani ya usiku,
ingawa jiko lina ratiba, na ratiba ina mwenyewe.
Juzi alikula. Jana hakula.
Nimeandika yote mawili, kwa penseli,
nyuma ya bahasha ya mkate.